Mbegu za pilipili mbuzi zinazostahimili mnyauko

Huku Pongwe, Tanga, masika yakikolea mnyauko huingia mashambani bila hodi. Mche asubuhi umesimama, mchana umelegea na majani bado ni ya kijani, na baada ya siku chache umekufa. Kata shina karibu na ardhi, kipande ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka taratibu, hao ni bakteria wa Ralstonia. Wanaishi kwenye udongo, na dawa ya kupuliza haiwafikii.

Kwa hiyo tuangalie mbegu. Wengi wetu tunachagua mche mmoja uliozaa sana na kukamua mbegu zake. Msimu ujao shamba zima ni ndugu wa tumbo moja, na ugonjwa unaomuweza mmoja unawaweza wote. Mimi nasema chukua mbegu kwenye miche isiyopungua 20, tena omba na za wenzako wa Muheza na Pangani. Funga kitambaa kwenye mche uliobaki mzima huku majirani zake pande zote wamekufa. Ule ulio pembeni, pakavu, usiuhesabu. Huenda ugonjwa haukuufikia tu.

Huo mzima ukiwa na matunda madogo, uchanganye na wenye matunda mazuri. Jioni tafuta kwenye mche wa matunda mazuri tumba lililonenepa ambalo litafunguka kesho. Lifungue kwa kibano, toa vifuko vyote vya chavua kabla havijapasuka, ukiacha kijiti cha katikati. Hapa usiwe na haraka, kijiti kikikatika ua limeharibika. Asubuhi chukua ua lililofunguka la mche sugu, paka unga wake kwenye ncha ya kijiti, funga uzi wa alama, kisha funika kwa kipande cha chandarua, maana nyuki watakuchanganyia. Maua mengi yatadondoka, hasa kwenye joto kali, kwa hiyo fanya mengi.

Kizazi cha kwanza, yaani mbegu za matunda ya mchanganyiko huo, kioteshe kwenye ndoo zenye udongo safi. Usikipeleke kwenye udongo mgonjwa, kwa sababu kinga nyingine hujificha mpaka irithiwe kwa wazazi wote wawili. Acha kijichavushe chini ya chandarua. Kizazi cha pili ndicho kinachofunua tofauti: panda miche mingi kadiri unavyoweza kwenye ile kona inayokuulia pilipili kila mwaka.

Wataalamu nao hutegemea mbegu za wakulima. Kinga maarufu ya kuoza mizizi kwa Phytophthora, kimelea kingine cha udongoni, ilipatikana kwenye pilipili ya kienyeji ya Meksiko, Criollo de Morelos 334.

Miche ya kizazi cha pili itakayosimama, chuma mbegu kwenye matunda yake yasiyo na madoa ya chule, ugonjwa wa kuvu unaoozesha matunda, kwani chule husafiri na mbegu. Anika kivulini, weka kwenye chupa kavu, andika mzazi wa kila fungu.