Onyo la usalama kila tovuti? Tazama tarehe kwanza

Wadau, kompyuta ya mezani ikikuletea onyo la usalama kila tovuti unayofungua, tupia jicho tarehe pale chini kulia. Ikisoma 2010, kivinjari kinaona vyeti vya tovuti (vitambulisho vyake vya usalama, vyenye tarehe ya kuanza na kuisha) havijaanza kutumika, kinagoma. Rekebisha. Ikirudi nyuma kila ukizima, betri ya ndani inayotunza saa imekufa, ulizia CR2032 (betri bapa kama sarafu) Kariakoo, usikimbilie kupiga Windows upya (hela ya bure hiyo!). Tarehe iko sawa na onyo bado lipo? Usilazimishe kuendelea, hasa ukiwa kwenye Wi-Fi ya bure. Lile neno "Si salama" kwenye anwani za http (zisizo na "s" ya https) ni suala jingine, Chrome inaliweka tangu 2018: habari soma tu, nywila usiandike.