SOMO: Kadi ya kompyuta au risiva ya kawaida? Soma hapa kabla hujauliza

Wakuu habari zenu. Kila wiki nakutana na swali lilelile, "mkuu, kuangalia chaneli za dishi ninunue kadi ya kuweka kwenye kompyuta au ninunue risiva", najibu vizuri, siku tatu mbele anakuja mwingine na lilelile. Naandika mara moja hapa, atakayeuliza tena namtupia hii.

Jibu la wavivu: kama unataka kuwasha na kuangalia tu, nunua risiva, habari imeisha. Kadi ni ya mtu anayetaka kurekodi sana, kusambaza chaneli kwenye simu na kompyuta nyingine za humo ndani, kuwinda fidi (matangazo ghafi yanayotumwa studio) za mechi na habari, au yule tu anayependa kuchokonoa vitu. Mimi ninavyo vyote viwili na sebuleni ipo risiva, kwa sababu watu wa nyumbani wanataka rimoti, hawataki kusubiri Windows imalize kujisasisha.

Hatua ya 1. Jiulize unataka chaneli za bure au za kulipia. Za kulipia chukua king'amuzi cha kampuni yenyewe. Kadi yao ya malipo mara nyingi imeunganishwa na king'amuzi chake, ukiipeleka kwingine haifanyi kitu.

Hatua ya 2. Angalia kompyuta uliyonayo. Laptopu haina pa kuchomeka kadi ya ndani, wewe chako ni boksi la USB, linafanya kazi ya kadi likiwa nje. Desktopu ifungue uone kama ina nafasi ya PCI Express, maana kadi nyingi za mtumba ni za PCI ya zamani na hazichomeki kwenye mazabodi mpya hata ukilazimisha (usilazimishe). Halafu kuna chaneli zinazorushwa kwa H.265 (namna mpya ya kubana picha), kompyuta iliyochoka itakupa picha ya kukwamakwama. Risiva iliyochoka nayo ina ugonjwa wake, sauti unaisikia, kioo cheusi.

Hatua ya 3. Hakikisha imeandikwa DVB-S2 (mfumo wa kurusha TV kwa satelaiti). DVB-S tupu ni ya miaka ya 90, S2 ilikuja 2005. Kifaa cha S2 kinapokea na zile za zamani, cha S hakipokei S2. Na usichanganye na T2, hiyo ni ya antena sio ya dishi!

Hatua ya 4. Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, chomeka kadi, kaza skrubu.

Hatua ya 5. UMEME WA LNB. Hapa tulia. LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi kule juu, haina umeme wake, inalishwa na kadi kupitia waya uleule unaoleta signo. Volti 13 inakupa chaneli za V (mawimbi ya wima), volti 18 inakupa za H (mawimbi ya mlalo), na ule mlio wa 22 kHz ndio unaiambia ihamie bendi ya juu. Risiva inayafanya haya kimyakimya wala hujui. Kadi nyingi za ndani zina kitundu cha pini nne pembeni kinachotaka waya kutoka pawa saplai, mimi nilikiona nikadhani ni cha feni nikaachana nacho. Nikaskani, chaneli za V zikaja zote, za H hata moja. Nikailaumu LNB, nikapanda juu nikaibadilisha, bado, nikaizungusha kidogo nikapoteza na zile za V nilizokuwa nazo, siku mbili nzima nipo juu ya paa kama jogoo. Siku ya tatu ndio akili ikanijia nikachukua mita, mahali panapotakiwa 18 nakuta 14 na ushee. Nikachomeka ule waya wa pini nne, nikarudisha LNB ilivyokuwa, dakika tano kila kitu kipo.

Kwa hiyo:
- Waya wa pini nne uchomekwe mapema, kompyuta ikiwa imezimwa.
- Usichomeke wala kuchomoa waya wa dishi wakati umeme upo. Unyuzi mmoja wa ule wavu wa nje ukigusa shaba ya katikati ni shoti. Risiva nyingi zinajikinga, kadi nyingine inakufa bila kuaga.
- Boksi la USB litumie adapta yake. USB 2.0 ya kawaida inatoa wati 2.5 tu, LNB moja kwenye volti 18 inaweza kuzimaliza zote.

Hatua ya 6. Draiva ya mtengenezaji kwanza, programu baadaye. Windows weka DVBViewer au ProgDVB. Linux weka Tvheadend, unaifungua kwenye brauza kwa poti 9981.

Hatua ya 7. Kwenye programu weka aina ya LNB: ya bendi ya Ku (dishi dogo) ya yunivesal andika 9750/10600, ya bendi ya C (dishi kubwa) andika 5150. Skani.

Aliyechagua risiva: chomeka dishi, chomeka HDMI, skani. Umemaliza, nenda kale.

Maswali karibu, ila soma kwanza.

dishi futi sita: Mkuu hii kadi inafungua chaneli za kulipia bila kulipa?

Jibu: Hapana. Hatua ya 1.

dishi futi sita: Nimesoma ila kuna jamaa kaniambia kuna programu yake

Jibu: Basi muulize jamaa.

Mzee wa Mita: Hiyo ya volti 14 umetia chumvi. Nafasi ya PCI Express inatoa 12, hizo 14 zilitoka wapi?

Jibu: Zilitoka kwenye kadi mkuu. Inachukua 12 inapandisha yenyewe hadi 18, na ikikosa mkondo wa kutosha inapandisha inaishia njiani. Mita nilishika mwenyewe, sijasimuliwa.

Mzee wa Mita: Hapo sawa.

mama Tulia: Ahsante kwa somo. Mimi risiva tayari ipo sebuleni na dishi ni moja, nataka kuongeza kadi chumbani bila kuleta ugomvi. Nikiweka splita nigawe waya?

Jibu: Dada umeuliza swali ambalo wengi wanaliuliza wakishaharibu. Splita ya kawaida itakuletea huo ugomvi unaoukimbia. LNB inasikiliza volti moja tu kwa wakati, sasa chumbani ukiomba H volti 18 inapanda, sebuleni aliyekuwa anaangalia V picha inakata, na yeye hajui kwa nini. Nunua LNB yenye matundu mawili, vuta waya wa pili, kila mmoja anajitawala. Zipo hadi za matundu manne. Au kama unachotaka ni kutazama chumbani tu, kuna risiva za Linux zenye programu ya Enigma2, zinakaa sebuleni kama risiva nyingine na zinarusha chaneli kwenye mtandao wa ndani, unaifungua kwa VLC. Ila angalia iwe na tyuna (kile kinachonasa chaneli) mbili.

mama Tulia: Kwani tyuna moja haiwezi chaneli mbili?

Jibu: Inaweza kama zote zipo transponda moja (fungu la chaneli zinazorushwa pamoja kwenye masafa mamoja), maana tyuna inashusha transponda nzima kwa mkupuo, kwenye kadi unaweza kurekodi zote za humo kwa pamoja. Zikiwa transponda tofauti ndio unahitaji ya pili.

kijana wa flashi: risiva yangu ikirekodi mechi inakata faili vipande vipande, je kadi inamaliza hili tatizo

Jibu: Usinunue kadi kwa hilo. Flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, faili moja haivuki 4 GB. Chaneli ya HD ya megabiti 8 kwa sekunde inakula kama 3.6 GB kwa saa, kwa hiyo mechi lazima ikatwe. Kama risiva inakubali NTFS, fomati flashi upya iwe NTFS. Hamisha vitu vyako kwanza, itafutwa yote.

dishi futi sita: nimenunua boksi la USB haliskani kitu

Jibu: Adapta yake umechomeka?

dishi futi sita: ilikuja na adapta kumbe

Jibu: 😐

Paa la Nne: Boksi la USB na laptopu naweza kutegea dishi nikiwa juu juu badala ya kupigizana kelele na mtu wa chini?

Jibu: Hiyo ndio raha yake kubwa na nilisahau kuiandika. Kama boksi lako linakubali, weka programu ya CrazyScan au EBSpro, unaona mawimbi yote yamesimama kama vilima, unasogeza dishi kidogo unangoja kidogo, vilima vikipanda upo njia sahihi. Hakikisha ni satelaiti yako lakini, ya jirani nayo ina vilima. Adapta inataka umeme kwa hiyo andaa ekstensheni ndefu. Na beba boksi la kadibodi, uingize laptopu ndani, jua likiwaka huoni kitu kwenye kioo.