Namna ya Kuteka Kambi ya Maharamia Bila King'ora Kulia: Mwongozo wa Far Cry 3

Far Cry 3, mchezo uliotengenezwa na Ubisoft Montreal na kutolewa mwaka 2012, una kambi 34 za adui zilizotawanyika katika Visiwa vya Rook, na wachezaji wengi huziteka zote kwa mtindo mmoja: hufika na gari hadi langoni, hushuka wakifyatua risasi, hufa mara mbili tatu, kisha hushinda kwa ukaidi tu. Nami nilianza hivyo hivyo. Mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyoteka kambi siku hizi, tangu ninapoiona kwa mbali hadi mlinzi wa mwisho anapoanguka, na unamlenga mchezaji aliyekwisha kupanda minara kadhaa ya redio ili kufunua ramani, mwenye upinde mkononi na pointi chache za ustadi za kutumia.

Kabla ya hatua yenyewe ya kwanza, inafaa kuelewa kwamba adui wako mkuu kambini si walinzi, bali ni king'ora. Walinzi waliopo ni wachache, na mtu mwenye bunduki ya kawaida na mahali pazuri pa kujikinga anaweza kuwamaliza. King'ora kikishalia, gari la askari wa ziada huingia, nao hushuka upande ambao hukuutazamia, mara nyingi mgongoni mwako. Mchezo wenyewe hupima kazi yako kwa kigezo hicho: anayeteka kambi bila kuonekana kabisa hupata pointi nyingi zaidi za uzoefu, na aliyeonekana lakini akazuia king'ora hupata kidogo kuliko huyo.

Hatua ya kwanza ni kutazama. Liache gari mbali, panda kilima au mwamba unaoielekea kambi, kisha toa kamera. Kila mlinzi unayemlenga kwa kamera huwekewa alama ambayo utaendelea kuiona hata akiingia nyuma ya ukuta, na kwa sababu hiyo kamera ina thamani kuliko bunduki yoyote utakayonunua dukani. Kosa la kawaida ni kutazama kutoka upande mmoja tu na kuridhika. Zunguka kambi angalau nusu duara, kwa sababu nyuma ya vibanda huwa kuna mtu ameketi au amesimama akivuta sigara, na huyo usiyemjua ndiye atakayekuharibia kazi. Watafute mbwa pia, kwa kuwa ni wadogo na hufichwa na nyasi. Mwisho tafuta masanduku ya king'ora yalipo na uhesabu ni mangapi, kwani kambi nyingine zina zaidi ya moja.

Hatua ya pili ndiyo inayotenganisha mchezaji mwenye subira na mwenye bahati, na ndiyo maana nitakaa hapa kidogo. Ukishawawekea alama wote, usijiulize nani yuko karibu nawe. Jiulize nani anamwona nani. Kuna walinzi wanaosimama mahali pamoja na kuna wanaotembea. Anayetembea ana mzunguko wake, na ukimfuatilia kwa mizunguko miwili kamili utajua ni wapi anapotea machoni mwa wenzake na kwa muda gani. Mtu wa kwanza kuangushwa ni yule asiyeonekana na yeyote, hata kama yuko upande wa mbali na itakulazimu kuizunguka kambi nzima kumfikia. Akishaondoka, kuna mwenzake ambaye awali alikuwa akionwa naye peke yake, na sasa haonwi na mtu. Huyo ndiye wa pili. Kambi hufumuliwa hivyo, kama mkeka unaovutwa ukili mmoja mmoja kutoka pembeni.

Mdunguaji wa mnarani huwavutia wengi wamwangushe kwanza, kwa kuwa yuko juu na anaona mbali. Mara nyingi ni sahihi, lakini si kila mara. Wakati fulani nilimpiga mmoja mshale wa kichwa nikiwa nimejificha vizuri kabisa, nikajipongeza, kisha nikatazama mwili wake ukiporomoka kutoka mnarani na kutua mbele ya wenzake wawili waliokuwa wakizungumza. Maiti ikionekana, walinzi huanza kusaka, na wewe hupoteza faida yote uliyoijenga. Tangu siku hiyo huangalia kwanza mwili utaangukia wapi, ndipo navuta upinde.

Silaha nitazieleza kwa ufupi. Upinde hauna kelele na mishale yake huokotwa tena kutoka kwa walioanguka, ila mshale hushuka kadiri unavyosafiri, hivyo kwa umbali mrefu lenga juu kidogo ya kichwa. Bastola yenye kiwambo cha sauti inafaa kwa karibu. Bunduki ya kudungulia yenye kiwambo cha sauti ndiyo njia rahisi kuliko zote, na kwa maoni yangu ni rahisi kupita kiasi: utakaa kilimani ukidungua mmoja baada ya mwingine bila kujifunza chochote kuhusu kambi. Iache hadi umalize angalau kambi kumi kwa kunyemelea. Nafasi moja ya silaha iwe na bunduki yenye kelele na risasi nyingi, kwa sababu itafika siku utakapoihitaji.

Siku hiyo ndiyo sababu ya hatua ya tatu, ambayo wachezaji wengi huiruka. Kabla ya kuingia kambini, chagua mahali utakapopigania endapo mpango utavunjika. Pawe na ukuta au mwamba unaozuia risasi, pawe na njia moja tu au mbili za kukufikia, na pasiwe kwenye nyasi kavu, kwa kuwa katika mchezo huu moto husambaa na chupa moja ya petroli inaweza kuyageuza maficho yako kuwa tanuri. Kisha nenda kwenye barabara inayoingia kambini na utege mabomu mawili ya ardhini. Askari wa ziada wakiitwa, gari lao litalipuka kabla hawajashuka. Angalia tu kwamba magari mengine nayo hupita barabarani, hivyo usitege saa nzima kabla ya kazi.

Sasa ingia. Tembea umechutama wakati wote, upite vichakani, na uelekee sanduku la king'ora kwanza ikiwa walinzi walio karibu nalo wamekwisha kuondolewa. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: ukilipiga sanduku risasi, unaliharibu hilo moja tu, lakini ukilifikia na kulizima kwa mkono, ving'ora vyote vya kambi hiyo huzimika. Tofauti hiyo inastahili kuhatarisha maisha ya mhusika wako. Ving'ora vikishazimwa, hata ukionekana utapigana na waliopo tu.

Mlinzi akikukalia njiani, tupa jiwe. Mawe hayaishi, na mlinzi hugeuka kutazama sauti ilikotoka, akikupa sekunde chache za kumfikia mgongoni kwa kisu. Lirushe jiwe mbali na wenzake, ili umvute aje mahali atakapokuwa peke yake. Pointi zako za ustadi za mwanzo zitumie kwenye uwezo wa kumburuta adui mara tu baada ya kumchoma, kwa sababu bila uwezo huo kila mtu unayemwangusha hubaki palepale akisubiri kuonekana. Baadaye chukua uwezo wa kushambulia kutoka juu, kisha ule wa kuwaangusha walinzi wenye deraya nzito, ambao bila ustadi huo kisu hakiwafanyi kitu.

Ukiona mnyama ndani ya kizimba, una msaidizi asiyelipwa. Piga mlango wa kizimba ukiwa mbali. Chui milia au dubu atatoka na kuwarukia walinzi, nao watashughulika naye badala ya kukutafuta. Nimewahi kuteka kambi kwa mshale mmoja tu kwa njia hii. Kumbuka lakini kwamba mnyama huyo hana urafiki nawe, na akibaki hai atakusubiri hapo chini.

Itakapotokea kwamba alama nyeupe ya kugunduliwa inaanza kujaa kwenye kioo, usikimbie na usifyatue risasi. Alama hiyo inaonyesha upande ambao unatazamwa. Jiondoe tu kwenye mstari wa macho ya mtu huyo, nyuma ya kitu kigumu, na mara nyingi itashuka yenyewe. Ikijaa kabisa, mambo hubadilika, na hapo kusitasita huua kuliko risasi. Mtafute mara moja anayekimbilia sanduku la king'ora, umpige huyo kabla ya yeyote anayekufyatulia, kisha rudi pale ulipochagua mapema.

Ukiwa hapo, pigana kwa utaratibu. Wenye mapanga hukimbia moja kwa moja kuelekea kwako, hivyo waache wakaribie na uwapige kwenye njia nyembamba. Wanaorusha chupa za petroli wapigwe mapema, kwa kuwa wao ndio watakaokutoa mafichoni. Mwenye deraya usimkabili uso kwa uso kwa bunduki ndogo. Mtupie bomu, au mpitie ubavuni huku ukuta ukiwa kati yenu. Usichungulie mara mbili kutoka upande uleule. Na wakikupoteza machoni, usibaki mahali ulipoonekana mara ya mwisho, kwa sababu ndipo watakapokuja kusaka. Hama kwa kuchutama, zunguka nyuma yao, na kazi ya kisu huanza upya.

Mlinzi wa mwisho akianguka, okota mishale yako kabla ya kuingia dukani. Marekebisho yaliyotolewa baada ya mchezo kutoka yaliongeza chaguo la kuzirudisha kambi mikononi mwa adui, kwa hiyo aliyekwisha kuzimaliza zote kwa kelele anaweza kuzianza tena. Mimi ningeanza na zile za kisiwa cha kaskazini, zilizo chini ya maharamia wanaoongozwa na Vaas, kabla ya kuvuka kwenda kusini kwa mamluki wa Hoyt, bosi wa Vaas.