Unapochoka Kuuguza: Namna ya Kuitambua Hali Hiyo na Kupata Nafuu

Anayemuuguza mtu nyumbani huulizwa kila siku hali ya mgonjwa, lakini ni nadra kuulizwa hali yake mwenyewe. Kwa hiyo uchovu wake hukua bila shahidi, hata naye asiutambue mpaka siku atakapofanya jambo ambalo hakudhani angeweza kulifanya. Kwangu siku hiyo ilikuwa asubuhi ya kawaida. Mama, aliyekuwa amepooza upande wa kulia kutokana na kiharusi, alikuwa akinywa uji, na kama ilivyokuwa kila asubuhi, uji ukamchuruzika pembeni mwa mdomo hadi shingoni. Nilichukua kitambaa nikamfuta kwa nguvu, kama mtu anayefuta meza, kisha nikayaona macho yake. Hakusema kitu. Nilikwenda uani, nikakaa juu ya ndoo iliyofunikwa na kulia, nikiamini kwamba nimekuwa mtoto asiye na utu.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeishiwa. Anayejiona mbaya hujiadhibu kwa kujiongezea kazi, ilhali aliyeishiwa anahitaji kupunguziwa, na ndiyo maana ni muhimu kujua uko upande upi kabla ya kuchukua hatua yoyote.

Wataalamu hutenganisha hali mbili. Ya kwanza ni uchovu wa kuelemewa na kazi, ambao mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliuelezea mwaka 1974 baada ya kuuona kwa watu waliokuwa wakijitolea katika zahanati ya bure jijini New York. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, linautaja kuwa ni hali itokanayo na kazi wala si ugonjwa, na linautambua kwa alama 3: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuichukia, na kuona kwamba unachokifanya hakina tija. Maelezo hayo yanahusu mahali pa kazi, lakini kwa maoni yangu, anayeamka usiku wa manane kumgeuza mgonjwa yuko kazini, tena kazi isiyo na mshahara wala likizo. Hali ya pili ni uchovu wa huruma, ambao Carla Joinson aliuandikia mwaka 1992 akiwazungumzia wauguzi. Huu hautokani na wingi wa kazi pekee. Hutokana na kubeba maumivu ya mwingine kwa muda mrefu mpaka moyo ukafa ganzi, ukasikia anaugulia nawe usihisi chochote.

Nyumbani dalili hizi huja na sura za kawaida mno. Unasikia ukiitwa, nawe unakaa kwanza, ukisubiri aite mara ya pili. Unakasirishwa na wageni wanaokuja kumjulia hali. Unaacha kumsimulia habari za mtaani wakati wa kumwogesha, na kuoga kwake kunakuwa kama kuosha vyombo. Unasahau dawa zako za presha huku za mgonjwa ukizikumbuka kwa dakika. Pengine unajikuta ukiwaza kwamba afadhali angepumzika, kisha unaogopa wazo lako mwenyewe. Wazo hilo huwajia wengi wanaouguza, na kulisema kwa mtu mmoja unayemwamini hupunguza uzito wake.

Jambo la kwanza kulirekebisha ni usingizi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa 2 ili asipate vidonda vya kulalia. Maana yake anayelala naye ataamka saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 usiku, na hatapata hata saa 2 kamili za usingizi mfululizo. Hakuna subira inayodumu katika hali hiyo. Ndiyo maana nashauri kwamba ukipata msaidizi mmoja tu, usimpe mchana. Mpe usiku mmoja au miwili kwa juma, nawe ukalale chumba kingine, ikiwezekana nyumba nyingine. Muulize pia mtoa huduma wa afya kama ratiba ya kumgeuza inaweza kubadilika mkipata godoro maalumu.

Ugumu uko katika kumpata huyo msaidizi. Katika familia zetu kazi ya kuuguza huangukia kwa binti ambaye hajaolewa, au kwa mkwe, na wengine hutuma fedha kwa simu pamoja na pole nyingi. Ukiwaambia "nimechoka," watakuambia Mungu atakulipa. Itisha kikao, hata kama ni kwa simu, uombe kitu chenye siku na saa: "Kaka, Ijumaa usiku ni zamu yako kuanzia saa 2, au umlipe mtu wa kulala hapa." Kisha andaa daftari la kitandani lenye dawa na saa zake, upande aliolalia mara ya mwisho, namna ya kumkalisha wima ili asipaliwe, na namba ya zahanati. Daftari hilo huondoa kisingizio cha "mimi sijui anavyohudumiwa," na hukuondolea wewe imani kwamba hakuna mwingine anayeweza.

Hasira ikikupanda ukiwa umemshika, mlaze salama, utoke nje, unawe uso, na urudi baada ya dakika chache. Chakula kinaweza kusubiri. Ukiwa umekwisha kumuumiza kwa neno au kwa mkono, mwombe radhi siku ileile, hata kama hawezi kukujibu, kisha umweleze ndugu mmoja kilichotokea ili zamu zibadilishwe.

Huzuni ikidumu karibu kila siku kwa zaidi ya majuma 2, ukakosa hamu ya chakula na ya mambo uliyoyapenda, huenda hali hiyo ni sonona, nayo hutibiwa. Nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uwaeleze wazi. Ukipata fikra za kujidhuru au za kumdhuru mgonjwa, usisubiri hata siku moja, na usibaki peke yako naye.

Mgonjwa akifariki, mwili wako hautajua mara moja. Baada ya matanga, watu wakishatawanyika, mimi niliendelea kuamka saa 8 usiku kwa wiki nyingi, nikanyoosha mkono kutafuta shuka la kumgeuzia. Mwombe mtu mmoja alale nawe siku hizo, na upange kwenda kliniki kupima presha na sukari uliyoiahirisha.