Zungusha nyota kwa MOND ndani ya Excel

Nyota za pembezoni mwa galaksi zinakimbia kuliko Newton anavyoruhusu. Wengi wanasema kuna maada giza (maada isiyoonekana) inazivuta, ila mwanafizikia Mordehai Milgrom mwaka 1983 akaja na MOND, nadharia inayorekebisha kanuni za Newton, kwamba mchapuko ukishuka chini ya 1.2E-10 m/s² (tuuite a0) mambo yanabadilika. Fungua Excel tujaribu.

Hatua ya 1: andika tungamo la galaksi M, kilo 2E41, yaani kama majua bilioni 100, na umbali wa nyota r, mita 9.26E20. Galaksi nzima tumeifanya nukta moja, kauongo kadogo tukasamehe.

Hatua ya 2: mchapuko wa Newton, g = GM/r², G, namba isiyobadilika ya mvutano, ni 6.67E-11. Unapata 1.56E-11, chini ya a0, ndo maana nimeenda mbali hivyo, maana hapa kwetu Jua linaivuta Dunia kwa 0.006 hivi, karibu mara milioni 50 ya a0, ukipimia huku huoni kitu.

Hatua ya 3, utamu wenyewe: mchapuko mpya A = g/2 + SQRT(g²/4 + g*a0). Inatoka 5.17E-11. Kasi ni SQRT(A*r), kama 219 km/s, wakati Newton anakupa 120 tu.

Hatua ya 4: izungushe. Safu za x, y na kasi zake mbili (anza x ikiwa r, y sifuri, kasi ya x sifuri, ya y ile 219 kwa m/s), mchapuko wa x ni -A*x/r, wa y hivyo hivyo, r na A vihesabiwe upya kila mstari, na kila mstari ni miaka milioni 1 (sekunde 3.16E13). Mimi mara ya kwanza nilisogeza vyote kwa namba za mstari wa juu, nyota ikawa inatanuka nje kila mzunguko, nikakesha naisingizia MOND kumbe ni mimi. Sogeza kasi nusu hatua, nafasi hatua nzima, piga mchapuko upya, halafu malizia ile nusu ya kasi. Duara linafunga mstari wa 840 hivi.

Kwenye makundi makubwa ya galaksi MOND bado inapelea, haitoshi kueleza mvuto wote, usiitetee kama timu yako.

Sasa rudisha g ya Newton palipokuwa na A, ila anza na 219 ile ile. Nyota inatoroka haigeuki nyuma, kwa sababu kasi ya kutoroka pale kwa Newton ni 170 tu. Kwa MOND, galaksi ikiwa peke yake, hata uipe 1000 itarudi.