SOMO: Kuandaa jalada la jarida la zamani liwe picha ya ukutani

Wadau, tunazungumzia majalada ya kuchorwa kwa mkono: mfano Joe la Nairobi, lililoanzishwa 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, au The Saturday Evening Post la Marekani, alilolichorea Norman Rockwell kuanzia 1916 hadi 1963. Kwa sisi wa Mwanza, adui namba moja ni unyevu wa ziwa.

1. Kagua kabla ya kulipa. Tumia lenzi ya kukuza mara 10. Chapa ya zamani ina vitone vilivyojipanga. Printa za wino za siku hizi hutawanya vitone ovyo. Geuza nyuma: jalada halisi kwa kawaida lina tangazo au maandishi. Matundu ya pini mgongoni nayo yanasema ukweli.

2. Jarida likiwa zima, usilichane. Pini zikiwa na kutu, nyanyua miguu yake kwa kisu butu upande wa ndani, kisha zitoe taratibu. Ukizivuta kwa koleo zinaondoka na karatasi.

3. Ukungu hustawi unyevu wa hewa ukipita asilimia 65 hivi. Kausha jalada kwenye chumba chenye feni, siku 2 au 3, si juani. Ukungu ukishakuwa unga, upanguse nje kwa brashi laini, ukiwa na barakoa. Ukiufuta ukiwa mbichi unausindilia ndani ya karatasi.

4. Fremu. Hapa ndipo wengi huharibu. Post la zamani lina karibu sm 27 kwa 34, kwa hiyo fremu ya A4 haifai. Mpe fundi vipimo vyako. Kati ya kioo na jalada weka kadi nene iliyokatwa dirisha, angalau mm 2. Jalada likigusa kioo, jasho la asubuhi hulinatisha, na kulibandua ni kuchuna wino. Lishikwe na vipembe vinne vya karatasi ya pamba. Gundi na selotepu visiliguse. Ziba mgongo wote kwa tepu ya karatasi, la sivyo wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa watakufa ndani ya picha yako.

5. Tundika ukuta wa ndani, mbali na bafu na dirisha.

MASWALI

— Mkuu, si nipige lamineti tu? Bei rahisi.
Lamineti ni ya menyu ya mgahawa. Gundi yake huyeyukia kwenye wino na haitoki tena.

— Umanjano unaondoka kwa jiki?
Hapana. Unatokana na massa ya mti yenyewe, yaani rojo la mbao lililotengenezewa karatasi. Jiki itakata nyuzi na kufuta rangi. Uache.

— Shikamoo mwalimu. Nimepata majarida yamelowa, kurasa zinaanza kushikana.
Marahaba. Yasikauke yakiwa yamefungwa! Karatasi ya kung'aa ikikaukia hivyo imekwisha. Yatie kwenye mfuko wa plastiki, weka friza leo hii. Kisha toa moja moja. Likiyeyuka, tenganisha kurasa likiwa bado bichi, ukipachika karatasi nyeupe katikati na kuibadilisha kila inapolowa.