Namna ya kupima nani amepata na nani amepoteza timu za NBA zinapobadilishana nyota

Timu mbili za NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Amerika Kaskazini, zinapobadilishana nyota, anza kwa kuandika kila kilichotoka na kila kilichoingia upande huu na upande ule: wachezaji, umri wao, miaka iliyobaki katika mikataba yao, na haki za kuchagua chipukizi katika drafti zijazo, yaani zoezi la kila mwaka ambapo timu huchagua chipukizi kwa zamu, raundi kwa raundi. Wengi huishia kwenye majina, na hapo ndipo hukumu zao huharibika, kwa kuwa jina hueleza yale ambayo mchezaji amekwisha kuyafanya, ilhali timu inayompokea italipa mshahara kwa yale atakayoyafanya.

Ndiyo maana umri unastahili kutazamwa mapema. Mwanzoni mwa Februari 2025, Dallas Mavericks walimtoa Luka Dončić kwa Los Angeles Lakers, wakampata Anthony Davis, Max Christie na haki ya Lakers ya raundi ya kwanza ya mwaka 2029. Dončić alikuwa na miaka 25 na alikuwa ameifikisha Dallas fainali ya 2024. Davis alikuwa na miaka 31. Davis ni mlinzi hodari wa eneo la chini ya kikapu, lakini pengo hilo la miaka lilihitaji fidia kubwa zaidi ya haki moja ya raundi ya kwanza, na kwa maoni yangu Dallas walipoteza siku ileile. Baadaye walishinda bahati nasibu inayoamua nani achague wa kwanza katika drafti, wakiwa na uwezekano wa asilimia 1.8 tu, wakamchagua Cooper Flagg. Usiihesabu bahati hiyo kuwa busara ya waliofanya mabadilishano, kwa sababu hakuna kiongozi makini anayemtoa nyota wake kwa kutegemea jambo la namna hiyo.

Haki za drafti ndizo ngumu zaidi kuzipima, nazo ndizo huamua mengi. Mwaka 2013 Brooklyn Nets waliwachukua Kevin Garnett, aliyekuwa na miaka 37, na Paul Pierce, aliyekuwa na 35, wakawapa Boston Celtics haki za raundi ya kwanza za 2014, 2016 na 2018, pamoja na ruhusa ya kubadilishana nao nafasi ya kuchagua mwaka 2017. Siku ile haki hizo zilionekana hafifu, kwa kuwa Nets walitarajiwa kushinda michezo mingi, na timu inayoshinda huchagua mwishoni. Swali sahihi lilikuwa hili: haki hizi zitakapoiva, wazee hawa watakuwa wapi? Kufikia 2016 wote wawili walikuwa wameondoka, Nets walikuwa wameporomoka, na Boston wakamchagua Jaylen Brown katika nafasi ya tatu. Mwaka uliofuata ruhusa ile iliwapa nafasi ya kwanza, wakaibadilishana na Philadelphia, wakashuka hadi ya tatu na kumchukua Jayson Tatum. Wawili hao waliiongoza Boston kutwaa ubingwa wa 2024. Kwa hiyo, unapokutana na haki ya miaka mitano ijayo, pima uzee wa timu inayoitoa kuliko ubora wake wa sasa.

Tazama pia mishahara, kwa sababu tangu makubaliano ya 2023 kati ya ligi na wachezaji, timu iliyovuka kizingiti cha pili cha matumizi, yaani kiwango cha juu zaidi cha mishahara kilichowekwa na ligi, hairuhusiwi kuunganisha mikataba ya wachezaji kadhaa ili kumpata mmoja.

Kisha uliza kila timu ilikuwa inatafuta nini. Toronto Raptors walimtoa DeMar DeRozan, aliyependwa sana na mashabiki, ili wampate Kawhi Leonard mwaka 2018, wakijua kwamba angeweza kuondoka baada ya msimu mmoja. Aliondoka kweli, lakini baada ya kuwapa ubingwa wa 2019, ambao ulikuwa wa kwanza kwao. Ukipima kwa urefu wa muda aliokaa, utasema walipoteza. Ukipima kwa lengo lao, walipata walichokitafuta.

Mwishowe, toa hukumu mbili na usizichanganye: ya kwanza kwa yale yaliyojulikana siku ya mabadilishano, ambayo hupima busara ya viongozi, na ya pili kwa matokeo, baada ya haki ya mwisho kutumika. Kwa suala la Dončić, hukumu ya pili itabidi isubiri drafti ya 2029, kwa kuwa hadi hapo haki ile ya Lakers haitakuwa imegeuka kuwa mchezaji.